Mama Mkwe wa Kikorea, Mama Mkwe wa Kijapani

Mama Mkwe hakuwa mama mkwe wa mtu yeyote. Binti yake wa pekee alikuwa hajaolewa, na kwa jinsi alivyokuwa akiwatoa kasoro wachumba, hata dalili haikuwepo. Jina lile alilipata kazini. Miaka tisa nyuma alitia sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia moja ya Kikorea yenye sehemu sitini na mbili, yeye akiwa mama mkwe, tena yule wa kuogopwa, anayemwaga maji sakafuni makusudi ili mke wa mwanawe apige deki upya. Tamthilia ilipoanza kuonyeshwa, watu wakamjua kwa sauti. Akiingia dukani kuulizia sabuni, mwenye duka anageuka haraka. Akisema kwenye lifti kwamba anashukia ghorofa ya tatu, watu wanacheka, halafu kuna mmoja lazima amuulize kwa nini anamtesa yule binti wa watu.

Huyo binti wa watu alikuwa rafiki yake. Ndiye aliyemtia sauti mke wa mwana, na kazini wakamwita Mkamwana, jina likamganda hivyohivyo mpaka kwa majirani zake. Kabla ya hapo walikuwa watu wa kusalimiana koridoni tu, hujambo sijambo, basi. Lakini sehemu sitini na mbili, jamani, si mchezo. Miezi saba walikaa kwenye kibanda kimoja cha kurekodia, ukubwa wake kama kabati la nguo, kuta zimevishwa sponji, kiyoyozi kimezimwa kwa sababu kinavuma, na maiki moja katikati yao. Mama Mkwe anatukana, Mkamwana analia, na wakimaliza wanafutana jasho kwa taulo moja. Mtu ukishamtukana mwenzako kutwa nzima kwa uso mkavu, na yeye akakulilia kutwa nzima, halafu mkatoka mkagawana chakula cha mchana kwenye chombo kimoja, hakuna tena la kufichana.

Wakashibana kweli. Mume wa Mama Mkwe alipofariki, Mkamwana alihamia pale nyumbani wiki tatu, akalala chini kwenye godoro, akapokea wageni, akajibu simu ambazo mfiwa hakuweza kuzijibu. Na mwaka jana Mkamwana alipofanyiwa upasuaji wa shingo, ni Mama Mkwe aliyekaa hospitali akimnywesha supu kwa kijiko na kumkataza kuongea, jambo ambalo lilihitaji ubabe, maana yule mwanamke alikuwa hawezi kunyamaza hata usingizini. Basi mtu wa namna hiyo ndiye Mama Mkwe aliyempoteza, na alimpoteza bila kufungua mdomo.

Ilikuwa hivi. Wajapani waliichukua hadithi ileile ya Wakorea wakaiigiza upya, safari hii kwa sehemu kumi na moja tu. Bosi wa studio akainunua, akijua kwamba walioipenda ya kwanza watataka kulinganisha. Mama Mkwe alikuwa ameshapandishwa cheo kuwa msimamizi wa sauti, huo ukiwa mwezi wake wa pili kwenye cheo, na akapewa rekodi zote aende nazo nyumbani akaziangalie mapema.

Alizitazama na binti yake kwenye kochi, siku ya mapumziko, na kwa kweli alizidharau. Sehemu kumi na moja? Kwa Wakorea ukifika ya kumi na moja hata harusi haijafungwa, mama mkwe bado anatafuta kisingizio cha kuizuia. Kwa Wakorea mtu akikasirika anapindua meza, akihuzunika ananyeshewa na mvua, akiomba msamaha anapiga magoti na muziki unapanda. Hawa Wajapani, akasema, wanapita ndani ya nyumba kama watu walioazima viatu. Mama mkwe wao alikuwa kimama kidogo, kisafi, sauti ya chini, hasemi neno baya kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mwaliko wa mke wa mwana unasahaulika. Jina lake linarukwa. Akiongea, mama mkwe anainuka kwenda kuangalia maua.

Binti yake akasema huyu ndiye anayetisha. Yule wa Kikorea unajua amekuchukia, unaweza hata kujibu, lakini huyu utamjibu nini? Mama Mkwe akamwambia aache kujifanya msomi, mbaya asiyetukana ni mbaya gani, watu watalala. Wakabishana mpaka chai ikapoa, na kila mmoja akabaki na lake.

Bosi akamwachia Mama Mkwe sauti ya mama mkwe, ila akaamua kwamba kwa nafasi ya mke wa mwana wapimwe wawili, Mkamwana na binti mmoja mpya aliyekuwa akisoma matangazo redioni. Mkamwana alikuja Jumanne asubuhi, skafu shingoni, akamsalimia kila mtu kwa utani wake uleule, akaingia kibandani. Mama Mkwe, bosi na fundi mitambo walikaa upande wa pili wa kioo. Alipewa vipande vitatu. Viwili vya kwanza alivisoma vizuri sana, mpaka fundi mitambo akaacha kutafuna. Cha tatu kilikuwa cha kulia, na pale sauti inapopanda ikamkwaruza, ikakatika. Akanywa maji. Akarudia. Ikakatika palepale.

Bosi akageuza kiti chake akamtazama Mama Mkwe. "Wewe unamwonaje?" akauliza. "Wewe ndiye unayemjua kuliko sisi sote."

Nisimtie chumvi wala nisimpunguzie. Ya kusema alikuwa nayo, tena tele. Angeweza kusema vile vipande viwili vya kwanza hakuna mtu mjini anayeweza kuvisoma namna ile. Angeweza kusema shingo inapona taratibu. Angeweza hata kusema ukweli mchungu, kwamba ile sauti ya juu imeondoka, lakini huyu ni mtu anayeijua kazi, atafutiwe nafasi nyingine. Ila siku mbili kabla alimsikia bosi koridoni akisema hawa kinamama wawili wa zamani ni kama seti ya vikombe, kimoja kikivunjika bora ubadilishe vyote. Naye alikuwa amevuka hamsini, na asubuhi nyingine alikuwa akiamka anaikuta sauti yake imeshuka chini ya alipoiacha jana. Basi akainamisha macho kwenye skripti akafungua ukurasa. Halafu akafungua mwingine. Bosi alisubiri, fundi mitambo alisubiri, kurasa zikafunguliwa.

"Haya, tumeelewana," akasema bosi.

Mkamwana alipotoka kibandani, Mama Mkwe alimkumbatia akamwambia majibu yatatoka wiki ijayo. Mkamwana akatabasamu, akachukua mkoba wake, akasema ana pa kupitia. Wiki iliyofuata bosi alimpigia simu mwenyewe. Tangu siku hiyo Mama Mkwe akipiga, simu inaita mpaka inakata, halafu baada ya saa mbili tatu unaingia ujumbe: nipo, namshukuru Mungu, nimebanwa kidogo. Wiki tano mfululizo mwenzake yupo, anamshukuru Mungu, na amebanwa kidogo.

Mama Mkwe akajitetea mwenyewe kwa mwenyewe. Sikusema neno baya hata moja, alisema akichana nywele. Alimwambia binti yake. Alimwambia na fundi mitambo, ambaye wala hakuwa amemuuliza. Na kweli hakusema. Hapo hakuna aliyeweza kumkamata.

Wakaanza kurekodi. Siku hizi kila mtu anaingia kibandani peke yake, anarekodi mistari yake, anatoka, wa pili anaingia, fundi ndiye anayewakutanisha kwenye kompyuta. Yule binti mpya alikuwa na adabu na sauti nzuri, huna la kumlaumu, na Mama Mkwe alikuwa akimkuta mlangoni tu, mmoja akitoka na mwingine akiingia.

Walipofika sehemu ya saba, ikaja ile ya mashangazi. Kwenye tamthilia ya Kikorea ilikuwa sehemu ya ishirini na tisa, na Mama Mkwe aliikumbuka vizuri. Mashangazi wa mume wanakuja kutembea, wanauliza huyu mke wa kijana wetu ni mtu wa namna gani, na mama mkwe anasimama, anapiga meza, anamwaga dakika nne za matusi, ukoo mzima wa binti wa watu unatajwa mmoja mmoja. Mama Mkwe aliisoma kwa pumzi tatu, na Mkamwana, aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kulia, alisahau kulia kwa kumshangaa. Studio nzima ikapiga makofi.

Kwa Wajapani ni mashangazi walewale na swali lilelile. Mke wa mwana yuko nyuma ya mlango wa kusukuma, ameshika sinia la chai, anasikia kila kitu. Mama mkwe anachukua tunda, anaanza kulimenya. Ganda linazunguka, linashuka, halikatiki. Anakata kipande, anampa shangazi. Shangazi anasema "aah," basi, imekwisha, na kinachofuata ni yule binti chumbani akikunja nguo zake kutia kwenye sanduku. Nyumbani Mama Mkwe alikuwa ameicheka sehemu hiyo, akasema labda mwandishi aliishiwa wino.

Kwenye skripti yake ukurasa ule haukuwa na mstari hata mmoja. Mtafsiri alikuwa ameandika tu: anapumua.

Fundi mitambo akamwambia hapo anataka pumzi moja, ndefu, ya puani, ya mtu asiyetaka kujihusisha. Mama Mkwe akapumua. Fundi akasema ameivuta mno, imekuwa ya kuchoka. Akapumua tena. Mara ya tatu fundi akasema hiyo ndiyo, safi kabisa, ngoja nikusikilizishe, akamrudishia kwenye hedifoni. Na Mama Mkwe akajisikia mwenyewe, karibu kabisa na masikio, akipumua kwa raha zake huku mtu nyuma ya mlango anasubiri atetewe.

Aliitazama ile picha kwenye skrini, yule kimama kidogo na kisu chake, akaziona kurasa alizokuwa akizifungua siku ile ya Jumanne. Yule wa Kikorea alimtukana mke wa mwanawe mbele ya ukoo mzima na bado walipatana. Huyu hakusema kitu, na binti wa watu akafunga mizigo. Mama Mkwe akavua hedifoni akaomba ruhusa, akasema tumbo linamsumbua, na akaenda chooni akalia akiwa amefungulia maji ili asisikike.

Jumamosi, saa tisa alasiri, akapiga moyo konde akaenda kwa Mkamwana bila kupiga simu. Njia nzima alikuwa akipanga atakachosema. Maneno yalimjia yenyewe, mazuri, yamepangika, yakamtoa machozi hata kabla hajafika. Akajiambia kumbe mtu akitubu kwa dhati Mungu humfungulia ulimi, na akapandisha ngazi upesi kabla hayajamtoka.

Mkamwana alikuwa anapiga pasi sare za shule za wanawe. Alifungua mlango, akamtazama kidogo, akatabasamu. "Karibu, dada," akasema. Kwa miaka tisa alikuwa akimwita mama, kwa utani na kwa mapenzi, na Mama Mkwe akimwita mwanangu, hata mbele ya watu wasiowajua, hata hospitali, muuguzi akaandika hivyo kwenye karatasi. Dada. Mama Mkwe akaingia akakaa alipoonyeshwa.

Mkamwana akazima pasi, akaleta chai na kitambaa cha kuwekea kikombe, kitu ambacho hakikuwahi kuonekana kati yao. Akauliza hali ya binti. Akauliza kazi zinaendaje. Akasema mafua yamezidi mwezi huu, watoto nusu ya darasa hawapo. Sauti yake ilikuwa tulivu, nene kidogo kuliko zamani, haina kinyongo wala haina kitu kingine. Mama Mkwe akaona akiendelea kusubiri atamaliza chai na kuondoka, hivyo akaweka kikombe chini, akamshika mikono yote miwili.

"Mwanangu," akaanza, "nilikuona unazama, nikasimama ukingoni nimekunja mikono. Nilikuwa na kamba, sikuirusha. Usinisamehe leo. Nisamehe siku ambayo moyo wako utaweza, nami nitakaa mlangoni kwako mpaka siku hiyo."

Machozi yalikuwa yanamtiririka, na hayakuwa ya uongo. Mkamwana alimsikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja, kama alivyokuwa akifanya kibandani akisubiri ishara ya fundi. Hakuondoa mikono yake.

"Hiyo ni sehemu ya hamsini na nane," akasema.

Mama Mkwe hakuelewa.

"Ya tamthilia yetu ya Kikorea, koridoni pale hospitali. Unashusha sauti kwenye neno 'ukingoni', halafu unavuta pumzi. Uliirudia mara sita kwa sababu mimi nilikuwa nacheka. Na hapa natakiwa nikujibu, inuka mama, sakafu ina baridi." Akamtazama usoni. "Nikujibu?"

Nimewahi kuona watu wakiaibika, lakini si hivyo. Mwashi hawezi kulifanya kosa lile, wala muuza nguo, wala mwalimu. Linataka mtu aliyekaa miaka na maneno ya wengine kifuani mpaka hajui yapi alizaliwa nayo na yapi alilipwa kuyasema. Na kinachouma ni kwamba hakuwa anamdanganya. Yalimtoka moyoni kabisa, ila alikuwa amesahau ni nani aliyeyaweka humo, akaenda kuyasema kwa mtu mmoja tu duniani aliyekuwepo yalipowekwa.

"Sema ya kwako," akasema Mkamwana, taratibu, bila ukali.

Mama Mkwe akatafuta. Kilichokuja hakikuwa kizuri wala hakikuwa kirefu. "Niliogopa watanitoa na mimi," akasema.

"Haya. Hilo ni la kwako." Mkamwana akaachia mikono yake, akaanza kukunja kola ya sare iliyokuwa karibu. "Fundi yule ni mvivu, unamjua. Kile kitufe cha kuongea na aliye ndani huwa hakizimi. Nilikuwa na hedifoni masikioni. Nilimsikia bosi anakuuliza unanionaje. Halafu nikasikia karatasi."

Mama Mkwe akajifunika uso.

"Daktari alishaniambia kitambo kwamba ile sauti ya juu hairudi," Mkamwana akaendelea. "Siku ile nilikuja kuaga. Nilipanga nikitoka nimwambie bosi amchukue yule binti, halafu mimi na wewe twende tukale, tucheke, nikueleze. Kazi sikuitaka. Nilitaka tu, kabla sijatoka mle ndani, nisikie mtu mmoja anasema huyu alikuwa anajua. Na bosi akauliza swali zuri, akamuuliza mtu mwenyewe. Nikasema haya, sasa atasema."

Watoto wawili walikuwa wanapiga mpira chini uani, na kelele zao zilikuwa zinaingia dirishani. Mama Mkwe akaomba msamaha, safari hii kwa neno moja lililotoka limepasuka, akalirudia, akalirudia tena, halina muziki wala mvua. Akasema laiti angejua kwamba mwenzake alikuja kuaga. Mkamwana akamwambia ndiyo, angejua angesema, na hilo analiamini, lakini hakutaka aseme kwa kujua.

Kisha akamletea tishu, akamngoja ajifute, akamsindikiza mpaka mlangoni.

"Kusamehe nimekusamehe," akasema pale. "Sikudai kitu, na ukipata shida utaniona. Ila kurudi pale tulipokuwa, siwezi. Nimejaribu. Nikikuona, nasikia ile karatasi."

Mama Mkwe akaitikia kwa kichwa. Akashuka ngazi akiwa ameshika ukuta.

Binti yake alikuwa anamsubiri nyumbani, roho juu, hata mkoba hakumwacha atue. Alitaka kujua yule mama amempokeaje, wamesemaje, imekuwaje. Mama Mkwe akamwambia kweli tupu, kwamba amepokewa vizuri, amepewa chai, na amesamehewa. Binti akafurahi sana. Akamkumbatia, akasema unaona sasa, ulikuwa unajitesa bure. Mama Mkwe akasema kweli, akaingia jikoni, na akaviosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa.